Tamko la Waongoza Ndege kuhusu Nafasi kati ya Ndege Zinazotua na Haki ya Kuripoti Makosa

Kwa wananchi na abiria wote, mashirika ya ndege, mamlaka zinazosimamia usafiri wa anga, vyombo vya sheria na vyombo vya habari.

Leo, 20 Oktoba, ni Siku ya Kimataifa ya Waongoza Ndege. Tarehe kama hii mwaka 1961, vyama vya waongoza ndege vya nchi mbalimbali viliungana mjini Amsterdam na kuunda shirikisho lao. Kila mwaka siku hii hupita kwa salamu na pongezi. Safari hii Kamati ya Utendaji ya chama chetu cha waongoza ndege, kwa ridhaa ya wanachama, imeamua kuitumia kufikisha kwa umma jambo tulilolizungumza vikaoni kwa muda mrefu. Tunataka mwongoza ndege ambaye, bila kukusudia, ameacha ndege mbili zikaribiane kuliko kanuni inavyoruhusu, aweze kuliandika kosa hilo kabla hajatoka zamu, bila kuhofia mkate wake wala pingu. Tunaomba hivyo kwa sababu ya usalama wa abiria, na tutaeleza kwa nini.

Nafasi tunayoizungumzia abiria haioni. Ndege zikiwa kwenye mstari wa mwisho wa kutua, mahali penye rada, kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, zinaanza na umbali wa maili 5 za baharini, yaani kilomita 9 na ushei. Rada ikiwa na uwezo unaotakiwa, umbali huo unaweza kushushwa hadi maili 3. Katika maili 10 za mwisho unaweza kufika maili 2.5, lakini kwa masharti makali: rubani awe na breki za kutegemea kwenye njia ya kurukia, aliye mnarani aone sehemu za kutokea, na iwe imethibitishwa kwamba ndege zikitua huondoka njiani kwa wastani usiozidi sekunde 50. Ndege inayokuja kwa mwendo wa noti 140, yaani maili 140 za baharini kwa saa, humaliza maili 3 kwa sekunde 77 hivi. Ndani ya muda huo ndege ya mbele iguse ardhi, ipunguze kasi, ipate pa kutokea, na mkia wake uwe umetoka kabisa njiani kabla ya inayofuata kuvuka mwanzo wa njia.

Sasa tuvitazame viwanja vyetu. Vingi vya mikoani havina barabara ya pembeni inayokwenda sambamba na njia ya kurukia. Ndege ikishatua huenda hadi mwisho, ikageuka, kisha ikarudi juu ya njia ileile hadi kwenye maegesho. Hapo sekunde 50 za kwenye kanuni hazina maana, kwa kuwa dakika kadhaa zitapita kabla njia haijawa wazi. Mwongoza ndege wa kiwanja cha aina hiyo hulazimika kuitanua nafasi maradufu, na mara nyingi hufanya hivyo kwa macho, darubini, saa ya ukutani na taarifa za redio. Wanaotuuliza kwa nini ndege imezungushwa angani ilhali mbingu ni nyeupe, jibu mara nyingi liko chini, juu ya lami.

Kuna pia hewa yenyewe. Kila ndege inayoruka huacha nyuma ya ncha za mabawa yake mizunguko miwili ya upepo, na kadiri ndege ilivyo nzito na ya mwendo wa taratibu ndivyo mizunguko hiyo inavyokuwa na nguvu. Haionekani. Huzama polepole na kubaki hewani kwa dakika kadhaa, na ndege ndogo ikiingia humo inaweza kubiringishwa kwa nguvu inayozidi uwezo wa usukani wake. Tarehe 30 Mei 1972, huko Fort Worth, Marekani, ndege aina ya DC-9 iliyokuwa katika mafunzo ilikuwa ikitua nyuma ya DC-10, ikabiringika karibu na ardhi, na watu wote 4 waliokuwamo wakafa. Ajali hiyo ilifanya kanuni za nafasi nyuma ya ndege nzito zipitiwe upya. Tarehe 15 Desemba 1993, karibu na Santa Ana, California, ndege ndogo ya abiria 3 na marubani 2 ilianguka nyuma ya Boeing 757 na hakupona mtu. Wakati ule Boeing 757 haikuhesabiwa katika kundi la ndege nzito. Baada ya ajali hiyo na nyingine zilizofanana nayo, Marekani iliongeza nafasi nyuma ya ndege ya aina hiyo.

Leo ndege yenye uzito unaoruhusiwa wa tani 136 au zaidi ni nzito, na yenye tani 7 au pungufu ni nyepesi. Kwenye rada, nyepesi inayotua nyuma ya nzito huachiwa maili 6, karibu kilomita 11. Ile ya kundi la kati huachiwa maili 5. Mahali pasipo rada tunahesabu dakika: 2 kwa ya kati nyuma ya nzito, na 3 kwa nyepesi.

Hesabu hizo zina uzito wa pekee katika pwani yetu. Kiwanja cha Abeid Amani Karume, Zanzibar, kina njia moja. Juu ya njia hiyo hutua Cessna Caravan za watalii, ambazo hazifiki tani 4, hutua ATR na Dash 8 za safari za ndani, na hutua ndege za masafa marefu kama Boeing 787, inayoruhusiwa kupaa na tani zaidi ya 220. Siku ambayo watu husema hali ya hewa ni nzuri sana ndiyo siku inayotutia wasiwasi. Kusi au kaskazi ikivuma sawasawa, mizunguko ile husambaratika na kusukumwa mbali. Wakati wa maleleji, bahari imetulia na bendera zimelala, kijiupepo chepesi cha ubavuni kinatosha kuuzuia mzunguko mmoja usisogee, ukaning'inia juu ya njia huku Caravan iliyojaa familia ikishuka. Rubani aliye nyuma husema kwenye redio kwamba anaiona ndege ya mbele na anaomba asogezwe. Tunamwelewa. Ila anachokiona ni ndege, na hatari iko katika hewa asiyoweza kuiona.

Nafasi pia hujipunguza bila mtu kuigusa. Ndege ya mbele ikipunguza mwendo hadi noti 130 na ya nyuma ikabaki na noti 150, kila dakika 3 maili moja hupotea. Tangu maili 10 hadi kugusa ardhi, maili 4 zilizokuwapo zinakuwa hazifiki 3. Hakuna aliyevunja amri, hakuna aliyesinzia. Kwa hiyo kazi ya kuongoza ndege ni kuiona nafasi itakavyokuwa dakika 4 zijazo, kwa ndege zaidi ya moja, huku simu ya kituo jirani ikiita na rubani mwingine akiomba kuwasha injini.

Kazi ya namna hiyo ikifanywa na binadamu, makosa yatatokea. Tunalisema hili waziwazi, tukijua litawashtua baadhi ya wasomaji.

Jioni ya tarehe 1 Februari 1991, saa 12 na dakika 7, Boeing 737 ilitua Los Angeles juu ya ndege ndogo aina ya Metroliner iliyokuwa imesimama njiani ikisubiri kibali cha kuruka. Watu 35 walipoteza maisha. Mwongoza ndege aliyekuwa mnarani ndiye aliyeiruhusu ndege ile ndogo iingie njiani, na muda mfupi baadaye akairuhusu kubwa itue. Aliisahau. Ukiishia hapo, unaye mkosaji na kesi imekwisha. Wachunguzi wa Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafirishaji ya Marekani hawakuishia hapo. Walikuta kwamba rada ya ardhini ilikuwa haifanyi kazi. Walikuta kwamba mwanga wa taa za uwanjani uliifanya sehemu ile ya njia iwe ngumu kuonekana kutoka mnarani. Walikuta kwamba katika dakika zilezile mwongoza ndege alikuwa akihangaika na ndege nyingine iliyotoka kwenye masafa yake ya redio bila kuaga, na akitafuta karatasi ya safari ya Metroliner nyingine, hata akaidhania hiyo nyingine kuwa ndiyo ile aliyoiweka njiani. Chanzo cha ajali, kwa mujibu wa bodi hiyo, kilikuwa ni uongozi wa kituo kutoweka utaratibu wa mtu wa pili na hatua ya pili za kulinasa kosa, pamoja na mamlaka ya anga ya nchi kushindwa kuwasimamia viongozi hao. Kusahau kwa mtu mmoja kulitajwa kama matokeo ya mazingira hayo.

Tumeitaja ajali hiyo kwa urefu kwa sababu ndani yake mnaonekana minara mingi tunayoijua. Mtu mmoja anashika masafa mawili kwa kuwa mwenzake ni mgonjwa na hakuna wa kumbadili. Kifaa kinangoja kipuri. Msimamizi naye amekaa kwenye meza ya kazi kwa sababu watu hawatoshi, kwa hiyo hakuna anayesimamia.

Usiku wa tarehe 1 Julai 2002, angani juu ya Überlingen, Ujerumani, ndege mbili ziligongana na watu 71 wakafa, wengi wao watoto wa shule kutoka Urusi. Mwongoza ndege aliyekuwa Zürich alibaki peke yake kwenye meza mbili, mwenzake akiwa mapumzikoni kwa mazoea ambayo uongozi uliyafumbia macho. Simu kuu ilikuwa imezimwa kwa matengenezo. Mfumo wa kuonya ulikuwa umepungua uwezo. Alikuwa akishughulika kuitafutia nafasi ya kutua ndege iliyochelewa kwenda Friedrichshafen, na wenzake wa Karlsruhe, walioiona hatari, hawakuweza kumpata kwa simu. Februari 2004 aliuawa nyumbani kwake na mzazi aliyepoteza familia yake. Mwaka 2007 mahakama ya Uswisi iliwatia hatiani wafanyakazi 4 wa kampuni iliyomwajiri. Tunawaombea wote waliokufa katika mkasa huo, mwongoza ndege huyo akiwa miongoni mwao.

Na asidhani mtu kwamba haya ni ya zamani. Tarehe 2 Januari 2024, uwanjani Haneda, Tokyo, Airbus A350 ilitua juu ya ndege ya walinzi wa pwani iliyokuwa ikipeleka misaada kwa waathirika wa tetemeko la ardhi. Watu 5 kati ya 6 wa ndege hiyo walikufa. Wote 379 wa ndege kubwa walitoka hai. Ndege ndogo ilikaa njiani kwa sekunde 40 hivi, na skrini ya mnarani ilikuwa ikionya. Hakuna aliyeona. Siku chache tu baadaye Japani iliweka mtu ambaye kazi yake ni kuitazama skrini hiyo muda wote. Nasi, katika Afrika Mashariki, hatujasahau tarehe 5 Machi 2024, ndege ya mafunzo na ndege ya abiria zilipogongana juu ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi na watu 2 wa ndege ya mafunzo wakafariki. Hatusemi lolote juu ya chanzo chake. Tunawapa pole wafiwa.

Swali letu ni hili: kabla ya kila ajali, ni mara ngapi kosa lilelile lilitokea na likapita salama? Historia inalo jibu moja lililo wazi. Tarehe 1 Desemba 1974, Boeing 727 iliyokuwa ikienda kutua Dulles, karibu na Washington, iligonga mlima huko Virginia na kuua watu wote 92. Marubani walikuwa wameelewa vibaya kibali cha kukaribia kiwanja, wakashuka mapema mno. Wiki 6 kabla, ndege ya shirika jingine nusura ifanye jambo lilelile mahali palepale, ikaponea chupuchupu. Marubani wake waliripoti, na shirika lao likawatahadharisha marubani wake. Taarifa haikutoka nje ya shirika hilo. Wale 92 walikufa kwa kosa ambalo tayari lilikuwa limejulikana.

Marekani ilijifunza. Mwaka 1976 ikaanzisha mfumo wa kupokea taarifa za makosa kutoka kwa marubani na waongoza ndege, na kwa hekima kubwa ikaukabidhi kwa NASA, taasisi isiyo na mamlaka ya kumnyang'anya mtu leseni. Jina la mtoa taarifa huondolewa, kilichotokea hubaki. Tungependa wabunge na wakuu wa taasisi zetu walitafakari hilo: aliyepewa kusikiliza hakupewa fimbo.

Kwetu hali ikoje? Kanuni zipo. Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago kinasema kwamba lengo pekee la uchunguzi wa ajali na tukio ni kuzuia lisitokee tena, wala si kugawa lawama. Kiambatisho cha 19 kinataka taarifa za usalama zilindwe. Lakini mwongoza ndege kijana, mwenye leseni mpya na mkopo wa nyumba, hatafuti kinga yake katika viambatisho. Anaangalia yaliyompata mwenzake. Akisikia kwamba mwenzake aliandika ukweli kisha karatasi ileile ikasomwa kwenye kikao cha nidhamu, siku yake ikifika atanyamaza. Ndege zilikuwa na maili 2 badala ya 3, zote zimetua, abiria wameteremka na mizigo yao, nani atajua? Na kesho mwingine, mezani palepale, kwa upungufu uleule wa watu, ataipata maili moja na nusu.

Hatuombi kinga kwa kila kitu. Aliyeingia zamu amelewa, aliyeacha meza bila ruhusa, aliyefuta au kughushi kumbukumbu, aliyevunja kanuni kwa makusudi akijua madhara yake, hao hawatatetewa na chama hiki. Tutakuwa wa kwanza kutaka waondolewe, maana wanatuharibia jina na wanahatarisha watu. Tunayemtetea ni yule aliyefanya kazi kwa uwezo wake wote, akapitiwa, na akasema.

Kwa hiyo tunaiomba Serikali na Bunge waiwekee taarifa ya hiari ya usalama ulinzi wa kisheria unaoeleweka hata na askari wa kituo cha polisi: isitumike kama ushahidi wa kumshtaki wala kumfukuza aliyeitoa, isipokuwa pale mahakama itakaporidhika kwamba alikusudia au alizembea kupita kiasi. Tunaomba mpokeaji wa taarifa hizo asiwe yuleyule anayetoa leseni, anayeajiri na anayeadhibu. Na muhtasari wa taarifa hizo, bila majina, uchapishwe ili mwongoza ndege wa Mwanza ajifunze kwa yaliyotokea Dar es Salaam, na wa Mombasa ajifunze kwa yaliyotokea Entebbe.

Kwa waajiri: meza ya mnara inayoongoza ndege za uzito mchanganyiko kwenye njia moja isiachwe na mtu mmoja saa za msongamano, hata kama ni kwa nusu saa ya chai. Tangu Novemba 2020 ICAO inazitaka nchi ziwe na kanuni za kudhibiti uchovu wa waongoza ndege. Kanuni hizo zionekane kwenye ratiba ya zamu ubaoni, zisiishie kwenye faili. Na viwanja vinapopanuliwa, barabara ya pembeni isiwe kitu cha kwanza kukatwa bajeti inapobana. Ndege inayoondoka njiani mapema hutupatia nafasi ambayo maneno ya redio hayawezi kuinunua.

Kwa mashirika ya ndege na marubani, ambao ni wenzetu: ratiba mnazozichapa ziheshimu uwezo wa kiwanja. Ndege 5 zikipangwa kufika ndani ya dakika 10 kwenye njia moja, nyingine zitazungushwa, na atakayezizungusha hatakuwa amewahujumu. Tukiwapa mwendo wa kushika, ushikeni, na mkishindwa semeni mapema. Mkipewa kibali, kirudieni chote.

Kwa waandishi wa habari tunalo ombi fupi. Mkipata habari kwamba ndege mbili zimekaribiana, tuulizeni walikuwapo watu wangapi mnarani, kifaa gani kilikuwa kibovu, na mtu yule alikuwa ameanza kazi saa ngapi. Jina lake halitamsaidia msomaji wenu kusafiri salama.

Na kwenu abiria. Kuna siku mtakuwa karibu kugusa ardhi, kisha injini zingurume, pua inyanyuke na mpae tena. Watoto watalia, na wengine mtaanza kunong'ona kwamba mnarani wamelala. Mara nyingi maana yake ni kwamba mtu ameiona nafasi haitoshi na ameikataa, rubani au sisi. Mtachelewa robo saa. Mkitaka kujua kilichotokea, tuandikieni. Kuanzia leo chama kitapokea maswali ya abiria na kuyajibu kadiri sheria inavyoruhusu, na mahali ambapo kosa ni letu tutasema ni letu.

Limetolewa na Kamati ya Utendaji, kwa niaba ya wanachama wote walio zamu na walio mapumzikoni, leo 20 Oktoba.